Bundi Niliyemfukuza Ufini

Mume wangu alikuwa na daftari la ndege. Niliolewa nikalikuta. Kila ndege aliyemwona kwa macho yake mwenyewe aliandikwa humo, siku na mahali. Aliyesikika sauti tu haandikwi, na aliyeonekana nusu nusu haandikwi. Hiyo ndiyo sheria yao watazama ndege, na hakuna wa kuwakagua, wanachungana wenyewe na dhamira zao. Kwa miaka kumi na moja mume wangu alikuwa anamtafuta bundi mkubwa wa kijivu, hajampata.

Kiwanda cha magari alichofanyia kazi kule Forest, kitongoji cha jiji tulilohamia Ulaya, kilipofungwa, akaniambia sasa ana nafasi. Bundi wake yuko kaskazini kabisa mwa Ufini, na anataka twende wote. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne. Mbili za kabla yake zilishaharibika, na hii nilikuwa nimeapa kuilea karibu na hospitali. Akasema huko kuna utulivu, nitapumzika, atakuwa nami saa zote. Nikakubali. Ujinga wangu mwenyewe huo, simsingizii mtu.

Msusi wangu wa Matonge, mtaa wa Waafrika jijini kwetu, mama mmoja wa Bukavu, alisimamisha mikono kichwani mwangu niliposema tunakwenda kutafuta nini. "Maman, muntu na mimba yake anaenda kutafuta bundi? Bon," akasema, akaendelea kusuka. Nilicheka. Nina shahada mbili mimi, mambo ya bundi na uchuro niliyaacha Tanga.

Siku nne tulishinda kwenye kibanda cha kujifichia, theluji magotini, misonobari pande zote, jirani hakuna. Husemi, hukohoi, huvai koti linalochakacha. Na mjamzito anabanwa na mkojo kila nusu saa! Kila nikiinuka ananikata jicho. Huo ndio utulivu nilioahidiwa.

Siku ya tano nikagoma, nikabaki kwenye nyumba ya mbao tuliyopanga. Asubuhi ile nikasikia kitu kinatua paani. Nikatoka. Jamani. Bundi, uso wa mviringo kama sinia, yuko juu ya paa la nyumba niliyolala na mimba yangu, ananitazama bila kupepesa. Shahada zote mbili zikaniruka. Nilirudi ndani, nikachomoa kijinga cha moto jikoni, nikatoka nacho na soksi zangu kwenye theluji, namrushia huku napiga kelele peleka huko huko kwenu. Mama yangu angefanya hivyo hivyo. Bundi akaondoka zake taratibu, na mume wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatokea njiani, akaambulia kuona mkia ukipotea mitini.

Mkia hauandikwi. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwetu bundi juu ya paa maana yake nini na kwa nini niliogopa. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akaninunia siku mbili nzima. Chakula alikula peke yake, na usiku akanipa mgongo.

Siku ya pili ya kununa, mchana, tumbo likaanza kunisokota, kisha nikaona damu. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili. Nisimsingizie, aliendesha kwa kasi. Lakini tulipofika nusu ya njia nikahisi gari linapunguza mwendo, halafu likasimama kando ya barabara. Juu ya nguzo ya umeme alikuwepo bundi.

"Dakika moja tu," akasema. "Wa kwanza ulinifukuzia."

Akazima injini, maana mtikisiko wake unamtia ukungu kwenye darubini. Akateremsha kioo, baridi ikaingia, akainua darubini. Sikupiga kelele. Nilibana mapaja, nikakodolea saa ya gari, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Zilikuwa dakika nne, ikiwemo ya kuandika kwenye daftari.

Daktari, mwanamke kijana, alitueleza kwamba mtoto alikuwa amekufa tumboni tangu siku moja au mbili nyuma. Hata tungekuwa tunaishi mlango wa pili asingeokolewa. Mume wangu akamwomba arudie. Aliporudia, akashusha pumzi, akanigeukia na kuniuliza kama nimesikia.

Sasa naishi peke yangu, chumba kimoja huku Ixelles, karibu na msusi wangu, na yeye bado ananiandikia. Kila ujumbe una neno lilelile la daktari, kwamba dakika zile hazikuua mtu. Anadhani sijaelewa, au nina kichwa kigumu, au bado naamini mambo ya bundi. Nimeelewa sana. Hazikuua mtu. Lakini siku ile anazima injini, alikuwa hajui hilo.