Mzee Niliyemrudisha Nje ya Masale

Kabla sijaanza, jueni kwamba mimi nimesomea uongo. Sisemi kwa kujidharau. Chuoni kwetu hapa Moshi nimefundishwa namna ya kumtisha mtu kwa taa, kwa mlango unaolia, kwa kimya kinachokatwa ghafla, na nikafaulu vizuri tu. Kwa hiyo nikikwambia hiki sikukitunga, usinijibu kwamba nina akili za filamu. Ningekuwa nakitunga ningekifanya kitishe zaidi.

Tulipewa kazi ya kuandaa trela ya filamu ya kutisha. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, alidhani nasema trela la lori, akauliza chuo kimeanza lini kufundisha udereva. Nikamweleza ni kipande kifupi cha kumtamanisha mtu aje kuangalia filamu, hata kama filamu yenyewe bado haipo.

"Kwa hiyo mnatangaza kitu ambacho hakipo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akatikisa kichwa akarudi kwenye mshono wake.

Mwalimu alitaka utafiti kwanza, kamera baadaye. Wenzangu wengi waliupuuza utafiti, wakakimbilia kutafuta rangi ya damu. Mimi niliufanya. Niliwauliza watu mtaani kwetu Pasua, kantini ya chuo, hata kwa kinyozi, nini kinawatisha. Nikagundua kwamba mzimu wa kanzu nyeupe na nywele usoni unawachekesha tu. Wengi walisema wanachoogopa ni kumwona mtu wanayemjua, amevaa nguo zake za kila siku, amesimama mahali ambapo hawezi kuwa. Nilijivuna sana na ugunduzi huo, nikajiona profesa.

Kisa chenyewe kilitoka kwa Manka, mwenzangu katika kazi hiyo. Kwao ni Marangu, na kisa kilikuwa cha ndani ya familia yao kabisa. Babu yake alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Aminieli. Waligombania kipande cha migomba kando ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Babu akapanda masale, safu nzima, akatamka mbele ya watu kwamba Aminieli asivuke pale, akiwa hai wala akiwa maiti.

Kama hujui, masale, au isale likiwa moja, ni mimea ya majani marefu membamba ambayo Wachagga hupanda kuwa mpaka wa shamba, na huipanda makaburini pia. Si mimea ya mchezo. Ukilipiga fundo jani lake ukampelekea uliyemkosea, umemwomba msamaha, na akishalipokea mkononi hana tena njia ya kukataa. Aminieli hakupeleka jani. Alikuwa na kiburi kama cha kaka yake. Alihamia Taveta, upande wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Holili, akafia huko na kuzikwa kwenye ardhi ya watu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mchagga huzikwa kihambani, kwenye migomba ya kwao. Binti wa marehemu, Shangazi Ndeshi, kila Krismasi alimpigia Babu simu akimwomba aruhusu walau udongo wa kaburi uletwe nyumbani. Kila Krismasi Babu alikataa. Naye alikuwa anadhoofika, jicho moja limeshapotea na la pili linaona kwa shida. Familia nzima iliogopa jambo moja: kwamba Babu angekufa na neno lake kinywani, na baada yake asingekuwepo mtu mwenye mamlaka ya kulifuta.

Mimi nikasema, "Manka, hiyo ndiyo trela yetu."

Nikapanga picha ya kwanza papo hapo. Ukungu. Safu ya masale. Mzee anatokea, anasimama, anavuka mpaka, giza linaingia. Hakuna kanzu nyeupe, hakuna damu. Manka alisita kidogo, halafu akakubali kwa sharti moja, kwamba Babu asijue. Mzee wa kuigiza akampata yeye, kwa simu: jirani yao aliyewahi kuwa mpagazi wa watalii, siku hizi anaimba kwaya ya wazee kanisani. Mimi sikuwahi kumwona.

Tulipanda Marangu siku ya kipupwe, baridi inapenya mpaka kwenye meno. Babu alitupokea barazani, blanketi mabegani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapo Moshi mjini, Babu. Tumekuja kupiga picha za migomba."

"Picha za migomba!" Akacheka. "Mjini hamna migomba kwenye vitabu?"

Tukapewa mtori wa moto, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mchana ulipogeuka, ukungu ukaanza kushuka kutoka msituni, mzuri, mzito, kana kwamba tumeukodi. Nikamwambia Manka abaki na Babu amshughulishe kwa maneno, mimi nikachukua kamera na stendi yake nikaenda mpakani, chini kabisa ya shamba, ambako nyumba haionekani tena. Mwigizaji wetu alikuwa amechelewa. Nikawasha kamera nijaribu mwanga.

Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa masale.

Niamini, sikushtuka hata kidogo. Kwa nini nishtuke wakati nilikuwa namsubiri? Alivaa koti la kaki lililochakaa viwikoni, kofia ya sufu na mabuti ya mpira yenye tope. Nikawaza, Manka kanitafutia mtu barabara, hata nguo hatuna haja ya kumbadilisha.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Umetoka mbali?"

"Marahaba. Mbali," akasema. "Nimetembea."

"Basi tufanye haraka kabla mwanga haujaisha. Wewe pita hapo katikati ya masale, uje mpaka kwenye ule mgomba, kama mtu anayekwenda nyumbani kwake."

Hakusogea. Akaangalia masale, akaangalia miguu yake.

"Hapa nimekatazwa kupita," akasema.

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikafurahi. Nikajua Manka amemsimulia kisa na mzee ameshaingia kwenye uhusika. Nikamjibu kwa mzaha, "Leo dairekta ni mimi. Pita tu, mzee wangu."

"Wewe ndiye unaniambia nipite?"

"Ndiyo, mimi."

Akapita. Alipita upande upande, akishika majani kwa viganja vyote viwili asiyavunje, na alipokanyaga upande wa huku alisimama akavuta pumzi ndefu. Uso wake sijui niuelezeje. Nimeona waigizaji wengi wakijikamua machozi, lakini vile sijaona. Akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

Nami nikapaza sauti, "Kata! Vizuri sana! Ila umekwenda upesi. Rudi, mzee wangu, anza tena kule nje."

Akageuka. "Nirudi?"

"Kidogo tu. Turudie."

Akarudi. Akavuka masale, akasimama nje, akangoja. Nikamwita, akaja. Safari hii ukungu ulimfunika uso, nikamrudisha tena. Na tena hakubisha. Unajua mtu aliyezoea kufukuzwa anavyorudi? Hana haraka, hana hasira, anaijua njia. Niliyaona hayo kwa macho yangu nikayaita kipaji.

Mara ya mwisho nilipomwita, hakuvuka. Alibaki nje ya safu, akakata jani moja la isale, akalipiga fundo taratibu na kuninyooshea juu ya mpaka.

"Mpe mwenye nyumba," akasema. "Mwambie nimefika mpaka hapa."

Nikalipokea. Nilijua maana ya jani lenye fundo, Manka alinieleza. Nikadhani anaomba radhi kwa kuchelewa! Nikawaza, wazee wa huku wana adabu jamani, mtu anachelewa kazini anaomba msamaha kwa jani.

"Aika, mae," akanishukuru kwa Kichagga, mimi ambaye sikuwa nimemfanyia chochote zaidi ya kumchosha. Nikainama kufunga stendi. Nilipoinuka hakuwepo, na hata hapo sikuona ajabu, maana ukungu ulikuwa umefunga kila kitu.

Nikarudi nyumbani mbio kwa baridi. Babu alikuwa barazani bado, Manka anamenya ndizi karibu yake. Nikamwinamia Babu nikamwekea jani mkononi.

"Babu, kuna mzee ameniambia nikupe hili. Anasema amefika mpaka hapa."

Vidole vya Babu vililifumbata lile jani kabla macho yake hayajajua ni nini. Kisha akalipapasa mpaka akalifikia fundo. Manka aliacha kumenya.

"Mzee gani?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Si ndiye huyo jirani yenu wa kwaya? Tumeshamaliza, ameigiza vizuri mno."

"We, acha utani." Manka alinionyesha simu yake. "Amenipigia sasa hivi kuomba radhi. Ng'ombe wake anazaa, hajatoka nyumbani tangu asubuhi."

Hapo ndipo baridi iliponiingia, nayo haikuwa ile ya mlimani. Nilisema Innalillahi kimoyomoyo. Babu hakutaka maelezo. Aliuliza tu kama kile kidude changu kinaweza kumwonyesha. Nikafungua kamera, nikaiweka mbele ya jicho lake linaloona, nami nikachungulia begani pake.

Kulikuwa na ukungu, masale na migomba. Sauti yangu ilisikika imechangamka, "Rudi, mzee wangu, anza tena kule nje." Majani yanatikisika, yanatulia. Mtu hayupo. Manka naye aliangalia, hakuona mtu. Nusura niombe samahani kwa kumpotezea Babu muda.

Lakini Babu aliangalia mpaka mwisho, pua imekaribia kugusa kioo, machozi yanamdondoka kwenye blanketi.

"Amezeeka," akasema. "Mae wee, Aminieli amezeeka hivi!"

Halafu akanigeukia. Sikuwahi kuangaliwa vile, na naomba nisiangaliwe vile tena.

"Mbona unamrudisha?" akaniuliza.

Nililia. Nililia mbele ya mzee wa watu kama mtoto aliyevunja chungu.

Babu akaomba fimbo yake. Manka alitaka kumshika mkono, akakataa. Akashuka shambani peke yake, jani mkononi, sisi nyuma yake kwa mbali. Alipofika mpakani alisema maneno machache ya Kichagga kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongea na mtu aliye karibu. Manka alinitafsiria: "Anasema, mdogo wangu, jani nimelipokea. Pita."

Ukiniuliza niliona nini, nitakujibu kweli: sikuona kitu. Ila Babu alisogea kando, vile unavyompisha mtu mlangoni. Kisha akarudi nasi nyumbani taratibu, na njia nzima alitembea ukingoni, kwenye majani yaliyolowa, mabuti yanamteleza, katikati ya njia ameiacha wazi. Mimi na Manka tulitembea nyuma, na hakuna kati yetu aliyethubutu kukanyaga katikati.

Jioni ileile alimpigia simu Shangazi Ndeshi. Yule mama hakuamini, alidhani Babu amekufa na mtu mwingine anaongea kwa simu yake. Udongo ulikuja kwa ndoo yenye mfuniko, umefunikwa kanga, mchungaji akaomba, ukazikwa kihambani na isale likapandwa juu. Safu ya mpakani ilikatwa mahali pamoja, pakawa mlango. Babu bado yuko hai, ingawa sasa haoni kabisa. Manka anasema siku hizi anaongea barazani peke yake, na mara nyingine anacheka.

Ile picha hatukuitumia. Tulitengeneza trela nyingine, ya gari bovu barabara ya Bomang'ombe, mwalimu akasema ni safi ila haitishi. Sawa. Tangu siku ile siwezi kumwambia mtu mzima arudie. Akikosea nachukua hivyohivyo, wenzangu wananilalamikia, nawaacha wanilalamikie. Kuna siku nasikia ile sauti yangu, imechangamka vile, inamrudisha nje mtu aliyetembea kutoka Taveta mpaka mlangoni kwao, na naona haya mpaka nafunika uso.

Kwa hiyo wewe unayechukua kamera ukapande huko mlimani kutafuta vya kutisha, nakuonya. Kabla hujaweka stendi kwenye kihamba cha watu, uliza nani amekatazwa kuingia humo. Na ukimkuta mzee amesimama nje ya masale, amevaa koti lake na mabuti yake kama mtu yeyote, usimwambie apite wala usimwambie arudi, maana si wewe anayekusubiri. Kimbia ukamwite mwenye nyumba angali hai.