Kati ya Moral na Molar

Justa Nkwabi alizaliwa Magu, kwa wakulima wa mpunga, na baiskeli aliizoea kabla ya viatu. Madumu ya maji, magunia, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati, vyote vilibebwa kwa baiskeli ya baba yake, na mara nyingi mwenye kukanyaga pedali alikuwa yeye. Alipohamia Buhongwa kusuka nywele katika saluni ya dada yake, akajiunga na klabu ya baiskeli. Miguu iliyozoea mizigo ilimfikisha mbele ya wenzake bila taabu.

Klabu ilipoalikwa kwenye mbio nchini Uganda, Justa alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wowote. Pale Mutukula, aliiangusha pasipoti mara mbili mbele ya ofisa, hata ofisa akamuuliza kama anaumwa. Haumwi, alisema. Alikuwa anaogopa tu kuvunja sheria asiyoijua. Muhuri ukagongwa, akapanda baiskeli, na ng'ambo akakuta migomba ileile na vumbi lilelile. Alishangaa kuliko ambavyo angeshangaa kukuta maajabu.

Katika mbio hizo alionwa na Amaya, mwanamke wa makamo kutoka Hispania, kocha wa klabu ndogo ya milimani. Amaya akamwalika kufanya mazoezi kwake kwa miezi kadhaa. Dada yake alifurahi. Mama yake, Bernadeta, alisikiliza huku akipepeta mchele, wala hakuuweka ungo chini.

"Ukifia huko, nani atakuleta?" aliuliza.

Justa akasafiri hivyohivyo.

Alifikia nyumbani kwa Amaya. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo walikubaliana kuzungumza Kihispania, Justa atake asitake. Alianza na vya jikoni: kitunguu, chumvi, mkate. Kisha vya barabarani: breki, mteremko, kushoto, kulia. Maneno aliyashika haraka, ila ulimi ulimwangusha. Kama wengi waliolelewa kwa Kisukuma, l na r alizichanganya, na shuleni alichekwa kwa kusema anakwenda "kura" ugali. Kwa Kihispania ilikuwa balaa, maana pero ni lakini, pelo ni nywele, na perro ni mbwa. Muuza mkate alimtaka arudie, akarudia, akatakiwa arudie tena. Mwishowe Justa akawa mtu wa kutikisa kichwa. Kilichomtisha zaidi ni simu, kwa kuwa kwenye simu huwezi kuonyesha kwa kidole. Ikiita sebuleni, alikwenda kujifungia bafuni.

Asubuhi moja yenye ukungu walipanda mlima, yeye na Amaya peke yao. Wakati wa kushuka Amaya alitangulia. Justa alisikia matairi yakikwaruza changarawe, kisha kishindo, kisha kimya. Alipofika kwenye kona alimkuta kocha wake mtaroni, mguu umepinda vibaya, damu ikimtoka kichwani.

Simu ya Amaya ilikuwa imepasuka. Justa akatoa yake, akapiga namba ya dharura. Sauti ya mwanamke ikauliza wako wapi.

"Moral," alisema Justa. Kijiji chenyewe kilikuwa chini kidogo.

"Moral au Molar?"

Vijiji hivyo vilikuwa viwili, kila kimoja katika bonde lake, na kutoka kimoja hadi kingine ni kuzunguka mlima mzima. Justa akarudia jina. Sauti ikauliza vilevile. Akarudia polepole, na hapo hakujua tena mdomo wake unatamka lipi. Alimtazama Amaya ili amsaidie, lakini macho ya Amaya yalikuwa yanafumba.

Akaliacha jina. Akasema kwa Kihispania chake cha jikoni na cha barabarani: kanisa jeupe, dogo. Daraja la mawe. Mto kushoto unapopanda. Ng'ombe wengi. Mwanamke, damu, mguu mbaya, njooni.

Kisha sauti ikasema asubiri.

Hakujua kama wameelewa. Alivua koti akamfunika Amaya, akashika kichwa chake kisicheze, akaanza kumsemesha ili asilale. Kihispania kikamwishia, akaendelea kwa Kisukuma, akimwambia habari za mpunga, za mama yake, za lolote lililomjia. King'ora kikasikika mbali, kikafifia kana kwamba kinaelekea bonde la pili. Justa akaacha kusema. Aliwaza namna atakavyowaeleza ndugu za Amaya, na kwa maneno gani, ilhali neno la kufa alikuwa hajafundishwa. Halafu king'ora kikarudi, kikiwa karibu zaidi, na taa zikatokeza katika ukungu.

Amaya alipona, ila goti halikukunjika tena sawasawa, na ukocha ukamponyoka. Justa hakurudi kwenye mazoezi. Miezi iliyobaki aliitumia kumwogesha na kumpikia, wakizungumza kutwa nzima, na wakati wa kuondoka alikuwa anaweza kugombana naye kwa Kihispania juu ya chumvi.

Siku hizi yuko Buhongwa, anasuka na kufanya mazoezi. Anapanda vilima vizuri kama zamani, ila akianza kushuka vidole vinakaba breki vyenyewe, na wasichana wanampita. Kiongozi wa klabu amemwambia wazi kwamba hivyo hashindi. Mwaka huu amealikwa kwenye mbio za Kolombia, kwenye milima mirefu kuliko ile aliyoijua. Amekubali. Tangu tiketi ifike, kila asubuhi kabla ya kwenda saluni anakagua breki zake upya. Mizigo ameshaifunga.