Gitaa Lenye Kiraka

Mafundi wa magitaa wa mji wa Paracho, Meksiko, walimwita Herlinda Equihua "Forodha", maana hakuna gitaa lililopita mbele yake bila kupekuliwa. Aligonga ubao kwa kidole, akanusa ndani ya tundu, akaikagua shingo kwa jicho moja, kisha akasema, "Nitafikiria." Akafikiria miaka nenda miaka rudi. Ujanani aliuziwa gitaa lililoimba dukani kama chiriku, na mvua za kwanza tu likavimba tumbo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo yeye na mumewe, Nabor, waliimba harusini na kwenye sikukuu za watakatifu kwa gitaa la kuazima kwa wifi yake.

Asubuhi moja Nabor, akipuliza uji wa mahindi, akasema, "Fundi Gildardo Huipe ana gitaa zuri. Kalione."

"Kakutuma?"

"Hajanituma mtu."

"Mbona unaongea na kikombe?"

Hata hivyo walikwenda. Gildardo hakuinuka kwenye kiti chake cha kazi.

"Lina kasoro, doña Herlinda. Ubao ulikuwa na ufa mdogo, nimeutia kiraka kwa ndani."

Herlinda akashtuka. Anayekiri dogo bila kuulizwa, aliwaza, kuna kubwa kalifunika. Akaingiza kioo tunduni. Kiraka kilikuwepo, kimekaa sawasawa. Akatafuta cha pili, asikione, akazidi kushuku. Alipolipiga, sauti ilikuwa nzito na laini, ikakawia kufifia. Hilo nalo likamtia wasiwasi. Alishawahi kupendezwa hivyo mara moja.

"Nitafikiria."

"Kafikirie nalo nyumbani. Mvua zikiisha utaniambia."

"Umeniaminia nini?"

"Sijakuamini, mama. Nitakuwa nakuja kulitazama."

Mvua zikanyesha mpaka kuta zikaota ukungu. Kila kulipokucha Herlinda alilaza rula juu ya gitaa, na ubao haukuinuka hata unywele.

"Limekushinda," Nabor akamtania.

"Linajifanya."

Mvua zilipokatika wakaitwa kuimba kwenye harusi ya mpwa wao, mchana. Gildardo alikaa safu ya mbele. Hakumtazama bibi harusi wala waimbaji. Macho yake yalikuwa kwenye gitaa lake mikononi mwa Herlinda, midomo kaibana. Herlinda alizijua nyuso za wauzaji, lakini uso huu ulikuwa mgeni kwake. Muuzaji hutazama mkono wa mnunuzi. Huyu alikuwa anajuta.

Wimbo ulipoisha akamwinamia mumewe. "Anataka kulirudisha."

"Nani?"

"Usigeuke. Kesho asubuhi tukamlipe, kabla hajapata la kusema."

Wakaenda, wakalipa. Gildardo hakubishania bei. Aliomba tu alipige mara moja ya mwisho. Herlinda akampa, kisha akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, mpaka alipomaliza.