Umeisikia Gesi?

Mwaka ule nilipanga chumba cha juu Gerezani, juu ya jiko la mama lishe mmoja kutoka Lindi. Nilikuwa nasomea shahada. Kazi yangu ilikuwa kupekua data za darubini ya redio, nikitafuta wenza, yaani galaksi ndogo, waliojificha kando ya galaksi za mbali zilizojaa vumbi. Wenza hao wana gesi tele lakini nyota zao ni haba, kwa hiyo jicho haliwaoni.

"Sasa mnawajuaje?" mama aliniuliza.

"Tunaisikia gesi yao, mama. Kama unavyosikiliza redio."

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Kumbe shule yote ile ni ya kunusa mtungi!"

Tangu hapo kila asubuhi aliniita kutoka chini, "Mwanangu, umeisikia gesi?" Nami nikajibu, "Bado!" Mafundi wa jirani wakacheka.

Yeye mwenyewe pua yake ilishakufa. Mafua makali yalimwondolea harufu zote. Hata wali ukiungua, aliambiwa na wateja. Hilo nililijua. Naliandika ili nisijidanganye.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, kichwa kiliniuma tangu niamke. Chumbani kulikuwa na harufu mbaya, nikawasingizia mafundi na karakana zao. Jana yake mama alikuwa amebadili mtungi wa gesi, lakini sikuwaza hilo. Kwenye skrini, pembeni ya galaksi moja, alama hafifu ilikuwa imejitokeza. Huenda ni mwenza, huenda ni kelele ya mtambo. Moyo ulinidunda, na sikutaka mtu anisemeshe.

"Mwanangu! Umeisikia gesi?"

Safari hii sauti haikuwa na kicheko. Nililitambua hilo, nikakereka tu.

"Bado!"

Akawasha kiberiti.

Niliposhuka, mafundi walikuwa wamekwisha kumtoa nje, wanammwagia maji mikononi. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilisimama mlangoni, nikaogopa kumsogelea.

Wiki ya pili nilimkuta wodini, uso na mikono vimefungwa bendeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Siku ile nilikuuliza harufu. Nadhani hukunisikia vizuri. Lile feni lako lina kelele."

Siku ile feni nilikuwa nimelizima.

"Kweli, mama, sikukusikia," nikasema, nikachukua kijiko nikamlisha uji.