Skrubu Zilizokimbia Tupu

Siku kiwanda chetu cha unga wa uji kilipowakaribisha jamaa za wafanyakazi, mama mkwe alitoka Njoro akiwa amevaa suti yake ya kanisani. Nilikuwa nimejigamba kwake kwamba mashine yangu inapika mahindi na soya bila sufuria. Ndani yake skrubu mbili ndefu huzunguka pamoja, zikisukuma unga na kuubana mpaka unaiva.

Alipofika mbele yangu, unga ulikuwa unatoka kidogo kidogo. Nikaongeza kasi ya skrubu ili aone kazi. Kumbe unga wenye unyevu ulikuwa umekwama kwenye faneli ya juu inayolisha skrubu, kwa hivyo kadiri skrubu zilivyokimbia ndivyo zilivyozidi kuwa tupu, na skrubu tupu hazibani wala hazipiki. Mvuke ukarudi juu kwa kishindo, na vipande vibichi vya unga vikaanguka kwenye trei.

"Ndiyo hii?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Akaokota kimoja, akakitafuna polepole, akameza.

"Ni tamu," alisema. Masikio yalinichoma.

Wageni walipoenda kunywa chai, nilipunguza kasi nikagonga faneli mpaka unga ukashuka. Skrubu zikajaa, na vipande vikatoka vimeumuka vizuri, bila mtu wa kuviona.

Jioni mke wangu aliniambia mama yake alikuwa amemsihi asinicheke. Afadhali wangecheka wote wawili.