Vidonge vya Nyumba Saba

Nimesema na nitasema tena: kazi hii itanitoa roho, na si kwa sababu ya maradhi.

Mimi ni muuguzi, kituo changu kiko Kismayo. Nilizaliwa kisiwa cha Kudha, nikakulia ukimbizini Mombasa, nikarudi na cheti changu nikidhani nawaletea watu wangu tiba. Kumbe nimewaletea orodha. Shirika lililoniajiri linatoa dawa kwa wenye kadi ya waliorejea kutoka kambini, basi. Katika kisiwa cha Chovai nilikuta mwenye kadi mmoja tu, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Majirani zake walikimbia vita kwa boti zao na kurudi kwa boti zao, hawakuandikwa na yeyote. Kwa hiyo, kwenye makaratasi ya mkubwa wangu, hao hawaumwi.

Presha ya yule mwanamke ilikuwa juu. Nilimpa vidonge vya mwezi mzima, nikamweleza mara tatu: asubuhi, mchana na jioni, usiache hata ukijiona mzima, presha haipigi hodi. Akaitikia kwa adabu. Mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, alikuwa ameketi mlangoni anasuka ukili, naye akaitikia. Niliondoka na moyo mweupe.

Wiki mbili baadaye nikarudi. Miguu imemvimba, kichwa kinamgonga, kipimo kimepanda kuliko mwanzo. Kichupa kitupu.

"Viko wapi vidonge?"

Akamtazama mavyaa wake. Bibi yule hakuacha kusuka.

"Nimevigawa," akasema, kana kwamba nimemuuliza kama amekula. "Nyumba saba. Kila mchu na fungu lake."

Huko kwetu visiwani, ambako mtu huitwa mchu, boti ikileta kitu kutoka bara, iwe sukari au samli, kila nyumba hupelekewa sehemu yake kabla mwenyewe hajaonja. Nayajua hayo; marehemu mama alinituma mlango kwa mlango na vibakuli. Lakini nani angefikiri kuna mtu atagawa dawa ya presha kama halua! Nilifoka. Nilimwambia mama wa watu, mwenye umri wa kunizaa, kwamba kwa ukarimu wake huo atamzika mkaza mwanawe na mjukuu siku moja.

Akaweka ukili chini. "Mwanangu, boti yako ilisimama hapa, wachu wote wakaiona. Ukampa mmoja, ukenda zako. Mimi ndiye nnaekaa nao."

Nikamwambia mgonjwa ajitayarishe, tunakwenda hospitali Kismayo sasa hivi. Bibi akatoka. Nikadhani amesusa.

Tulikuwa tunampandisha botini nilipowaona wanawake wanakuja mbio, bibi mbele. Kila mmoja akafungua fundo la pembe ya leso yake. Vidonge. Nikayahesabu mafungu yao, hakuna lililopungua hata kidonge kimoja.

"Hamkumeza?"

"Tulikuwa twaviweka," mmoja akasema. "Siku mchu akizidiwa, awe na cha kuanzia."

Mgonjwa wangu naye, kwa aibu, akafungua fundo lake. Fungu lake lilikuwa zima. "Mimi naliviweka kwa siku ya kuzaa," akasema.

Nikammezesha kidonge pale pale kwa maji ya dumu. Alijifungua Kismayo kabla ya wakati, na wote wawili wakapona, alhamdulillahi. Lakini kinachonichoma mpaka leo ni kile kichupa. Siku ile, kabla boti haijaondoka, nilisimama ufukweni nikakijaza tena, fungu la nyumba hii, fungu la nyumba ile, kwa sababu mwenye kadi ni mmoja. Kwa hasira vidonge vikawa vinaniponyoka, mpaka mmoja wa wanawake wale akanishikia kichupa.