Nilimdhalilisha Mkamwana Wangu kwa Kompyuta Iliyolala Chumbani Kwangu

Sina wa kumlaumu. Aliyekosa ni mimi, mwanaume mzima mwenye mvi, mwalimu mstaafu, niliyechapa watoto wa watu viboko kwa kusema uongo. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unidharau. Mimi mwenyewe nimeshatangulia.

Naishi Nyamwaga, wilaya ya Tarime. Mji wangu una nyumba mbili: yangu mimi na mke wangu, Mama Mwita, na ng'ambo ya zizi la ng'ombe nyumba ya mwanangu Mwita na mkewe Bhoke. Mwita ni dereva wa lori kule Kerende, hurudi Jumamosi. Bhoke ana stashahada ya kompyuta, alisomea Mwanza. Mimi nilisoma kompyuta wiki tatu, nikapewa cheti, nikakitia fremu. Fremu, jamani!

Kwetu ni bondeni, simu haishiki mtandao mpaka upande kilima. Ndiyo maana nilisimika mlingoti wa antena kwenye paa langu, nikafunga kifaa cha intaneti kwenye kompyuta yangu chumbani, kisha nikavuta waya juu ya zizi mpaka kwenye kompyuta ya Bhoke. Yaani yake ilipata intaneti kwa kupitia yangu. Majirani walikuja kuutazama ule waya, nami nikasimama chini yake nikieleza kama waziri anayezindua daraja.

Haikupita wiki, Bhoke akaanza kusema intaneti inakatika. Hakuniambia mimi moja kwa moja. Kwetu Wakurya mkamwana haingii chumba cha baba mkwe, na baba mkwe hakanyagi nyumba ya mwanawe. Basi maneno yalipitia kwa Mama Mwita, akivuka uwanja kwenda na kurudi na magoti yake mabovu.

Kila nikiletewa lalamiko nilikaa kwenye kompyuta yangu, nikagusa kipanya, nikafungua ukurasa wa habari. Unafunguka! Nikapaza sauti dirishani kwamba kwangu intaneti ipo. Baada ya muda kidogo kwa Bhoke nako inarudi. Nikacheka. Nikamwambia mke wangu huyo binti alipewa stashahada kwa kuhurumiwa.

Nilimwamuru abadilishe kichwa cha waya, akabadilisha. Nikamwamuru apeleke kompyuta yake kwa fundi Tarime mjini, akaipeleka. Fundi akasema hii ni nzima, mkaikague ile inayotoa intaneti. Nikasema fundi naye ni mjinga. Nyani haoni kundule!

Mwishowe Bhoke aligundua tatizo bila hata kuiona mashine yangu. Akatuma ujumbe kwamba kompyuta ya baba inalala yenyewe ikikaa bila kuguswa, na ikilala, yake inakosa njia. Akaomba niingie kwenye mipangilio niizuie isilale. Alieleza mpaka pa kubonyeza. Na ni mimi niliyeiweka ilale kila baada ya dakika kumi ili kubana umeme, nikasahau. Ningekumbuka kama ningetaka kukumbuka. Lakini nilichosikia ni kimoja tu: mkamwana anamfundisha baba mkwe!

Nikamwambia Mama Mwita, "Mwambie ng'ombe nilitoa ili mwanangu apate mke. Sikutoa ili mimi nipate mwalimu."

Sikugusa kitu. Niliiacha vilevile, kwa makusudi.

Kisha ukaja usaili. Hospitali moja ya mbali ilikuwa inatafuta mtu wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na Bhoke alikuwa amefika hatua ya mwisho. Angehojiwa kwa mtandao, Alhamisi saa nne asubuhi. Tangu amalize chuo alikuwa ameomba kazi kila mahali, na hii ndiyo ya kwanza kumwita. Akaniomba, kupitia mke wangu, nikae karibu na kompyuta yangu siku hiyo na niwe naigusa gusa mpaka amalize. Ombi dogo hivyo! Nikakubali.

Asubuhi ile Mama Mwita alikwenda msibani Kemambo. Ilipokaribia saa nne nilimwona Bhoke kwa mbali akitundika kitambaa cheupe ukutani mwake ili nyuma yake papendeze. Mimi nikachukua fimbo, nikaswaga ng'ombe kwenda joshoni kuogeshwa. Josho lingeweza kungoja kesho. Nilitaka tu ajue kwamba mzee wa mji halindi kipanya kwa ajili ya mwanamke.

Nilirudi saa saba. Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa cheusi. Nikagusa kipanya, kikawaka, na hapo nikaelewa kila kitu. Niliingia kwenye mipangilio, palepale alipoelekeza, nikairekebisha. Haikuchukua hata dakika mbili.

Bhoke alikuwa amekaa nje ya jiko, kompyuta mapajani, miguu imejaa tope. Intaneti ilikatika akijibu swali la pili. Alikimbia kilimani na simu, na iliposhika mtandao akaambiwa wameshamaliza na mwingine.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa peke yake, hakuna shahidi, ningesema nimekosa na yakaisha. Badala yake nikasema, "Si nilikwambia hiyo kompyuta yako ni mbovu?"

Aliniangalia, kisha akainamisha macho. "Ndiyo, tata," akasema. Ndivyo tunavyomwita baba.

Basi nikautangaza uongo huo. Nilimwambia Mwita, nikawaambia wazee wenzangu, nikawaambia hata watu wa kanisani, kwamba mkamwana wangu msomi ameshindwa kuwasha kompyuta siku ya usaili. Walicheka sana, nami nikacheka nao. Debe tupu! Mwita akaona aibu, akamgombeza mkewe, kisha akaichukua ile kompyuta akaiuza Kerende. Bhoke siku hizi analima mahindi na kukamua ng'ombe wangu.

Nilidhani nimefaulu. Mwezi uliopita nikaanza tena mzaha wangu mezani, Mama Mwita akaweka sahani chini.

"Siku ile alisimama mlangoni mwako," akasema. "Mlango uliuacha wazi. Alikiona kioo cheusi, na kipanya kiko hatua nne. Hakuingia, kwa sababu ya heshima yako. Kisha akaniapisha nisimwambie Mwita. Alisema mwanaume akimdharau baba yake, mji umekufa."

Tangu siku ile ananipakulia chakula na kuniacha nile peke yangu, na sina uso wa kumuuliza kwa nini.

Fikiria! Mimi nilipeleka aibu ya kubuni ya Bhoke mpaka kanisani, na yeye aliificha aibu yangu ya kweli hata kwa mumewe. Sasa intaneti yangu haikatiki kabisa, na upande wa pili wa waya hakuna mtu.

Nawe mwenye mkamwana au kijana anayejua kuliko wewe, usiwe mpumbavu kama mimi. Akikwambia kosa liko kwako, anza kukagua kwako. Ukikuta amesema kweli, kiri siku hiyohiyo, kabla uongo wako haujauza mali ya mtu. Mila haikukutuma uwe mwongo, usiifanye kichaka.

Mimi bado sijakiri. Hata hapa nimeficha jina, na majina yote niliyoyataja si yao. Nikimwambia Mwita, nitakuwa namwambia kwamba alimgombeza mkewe na kuuza kompyuta yake kwa sababu ya uongo wa baba yake. Nimepanga kumwambia Jumamosi nne mfululizo. Kila akishuka, Bhoke akija kupokea mzigo wake, mimi namuuliza mwanangu habari za lori.